Onja kwanza, sakinisha baadaye: Vijana wa Meru na Embu, tujiundie diski yetu

Mwaka jana nilifuta kazi yote ya binamu yangu kwa kubofya mara moja. Picha za harusi ya dadake, noti za mihula minne, na ripoti ya mazoezi ya kufundisha iliyokuwa imebaki kurasa chache tu. Tulikuwa kwao Nkubu, Jumapili alasiri, chai iko mezani. Nilikuwa nimemwambia, "Dada, usijali, hii ni kujaribu tu." Na kweli ilikuwa kujaribu tu, hadi pale tulipoacha kujaribu tukaanza kusakinisha.

Flashi iliyofanya hayo bado ninayo. Na leo nataka kukushawishi, msomaji, kwamba flashi ya aina hiyo inafaa kuwa katika kila saiba, kila shule na kila mfuko wa fundi kutoka Makutano pale Meru hadi stejini Embu. Kwa sharti moja: tuiunde sisi wenyewe.

Ngoja nieleze kabla hujanirukia.

Kuonja bila kununua

Kompyuta ikiwaka, kwa kawaida hutafuta mfumo wa uendeshaji ndani ya diski yake ngumu. Kwa wengi wetu mfumo huo ni Windows. Lakini kuna kitu kinaitwa diski hai. Huu ni mfumo mzima uliokaa kwenye CD, au siku hizi kwenye flashi, na unaweza kuwaka moja kwa moja kutoka hapo. Unachomeka flashi, unawasha mashine huku ukibonyeza F12 au F9 au Esc kutegemea kampuni iliyoitengeneza, unachagua flashi, na baada ya dakika moja au mbili uko ndani. Kivinjari kipo, programu ya kuandika ipo, ya kuchezea video ipo. Vyote vinaendeshwa kwenye memori. Diski ngumu yako haiguswi isipokuwa wewe mwenyewe uifungue. Ukizima na kuchomoa flashi, Windows yako iko palepale ulipoiacha.

Fikiria soko la Gakoromone. Mama anayeuza machungwa hukukatia kipande uonje. Hakuna anayekwambia lipia gunia zima, utamu utaujulia nyumbani. Lakini kwenye kompyuta ndivyo tunavyofanyiwa kila siku. Unampelekea fundi mashine, anaifomati, anakuwekea anachotaka yeye, unalipa, unaondoka. Wiki ijayo matangazo yanarukaruka kwenye skrini na hujui yalitoka wapi.

Wazo la diski hai si geni. Mwaka 2000 Mjerumani Klaus Knopper alitoa Knoppix, mfumo wa Linux uliobanwa ukaenea kwenye CD ya MB 700 ilhali ukifunguka unakaribia GB 2. Wengi duniani walionja Linux mara ya kwanza kupitia CD hiyo. Oktoba 2004 ikaja Ubuntu, mradi ulioanzishwa na Mwafrika Kusini Mark Shuttleworth. Jina hilo mimi na wewe hatuhitaji kamusi kulielewa. Ni utu. Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, walikuwa wakituma CD za bure kwa posta popote duniani.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo penye kiini cha maneno yangu. CD za kwanza za Ubuntu zilikuwa mbili. Moja ya kuonja, nyingine ya kusakinisha. Ukionja na kupenda, ilibidi uchukue ile nyingine uanze upya. Juni 2006, kwenye toleo la 6.06, wakaziunganisha. CD moja, na kwenye skrini ikoni moja: ukishapenda, bofya hapa usakinishe. Inaonekana jambo dogo, lakini ndilo lililomfanya mtu wa kawaida aonje na kununua kwenye kibanda kimoja.

Na ikoni hiyo ndiyo iliyonimaliza Nkubu.

Mlango mwembamba

Binamu yangu aliionja akaipenda. Laptopu yake ilikuwa imechoka, inachukua dakika nane kuwaka, na ghafla akaiona inakimbia. Akasema, "Basi si uniwekee tu?" Nikabofya ile ikoni. Kisakinishi kikaanza kuuliza maswali kwa Kiingereza chake safi: lugha, saa za eneo, kibodi. Nikawa nabofya endelea, endelea, endelea, vile wewe hukubali masharti ya app bila kusoma. Ukurasa mmoja ulikuwa na machaguo mawili. La kwanza, weka mfumo huu kando ya Windows. La pili, futa diski nzima. Alama ilikuwa tayari kwenye la pili. Mimi nikabofya endelea.

Kosa lilikuwa langu, sitalisukumia mtu. Sikumwambia atoe nakala ya akiba kwanza. Na Kiingereza nakijua. Lakini jiulize: ikiwa mimi ninayeshinda kwenye mashine nilipita ukurasa huo bila kuusoma, mwalimu wa shule fulani kule Runyenjes, ambaye ndiye mkuu wa maabara ya kompyuta kwa sababu tu ndiye mdogo kwa umri pale stafurumu, ataupitaje?

Ndiyo maana nasema diski inayoonjesha na kusakinisha ni kitu kizuri na cha hatari kwa wakati mmoja. Upande mmoja haigusi chochote. Upande wa pili inaweza kufuta kila kitu. Kati yao kuna mlango, na aliyeandika kibao cha mlango huo hakuwa akikufikiria wewe.

Kwa nini sasa hivi

Oktoba 14, 2025 Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10. Mashine hazikuzima kesho yake, na ndiyo maana wengi hawana habari. Kilichokoma ni viraka vya usalama vya bure vya kila mwezi, isipokuwa kwa wale wanaojisajili kupata mwaka mmoja wa nyongeza. Nayo Windows 11 ina masharti: inataka kifaa cha usalama cha TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu.

Sasa ingia kwenye saiba yoyote, iwe Maua au Embu mjini, uangalie zile mashine. Nyingi ni ex-UK, mitumba ya ofisi za Ulaya, na nyingine ziliundwa kabla ya kizazi hicho. Haziwezi kupanda kwenda Windows 11 kwa njia halali. Na Windows 10 iliyomo mara nyingi ni ile iliyovunjwa, yaani leseni ya wizi iliyowekwa na programu ambayo ili ifanye kazi ilibidi fundi azime kinga ya virusi kwanza. Hebu fikiria hilo. Umezima askari wa langoni ili mwizi akusaidie kufungua mlango.

Na ni kwenye mashine hizo unapoandika nywila yako ya eCitizen. Ndipo unapojaza ritani za KRA, unapoomba mkopo wa HELB, unapochagua kozi za KUCCPS, unapoacha nakala ya kitambulisho chako kwenye folda inayoitwa "New folder 7". Ukiuliza kwa nini suala la mfumo wa uendeshaji likuhusu wewe usiyejali mambo ya kompyuta, jibu ndilo hilo. Hata kama huna mashine, siri zako ziko kwenye mashine ya mtu.

Si upakue tu?

Najua utaniambia nini. "Buda, si mtu apakue tu Linux Mint na maneno yaishe?" Apakue, hakuna shida. Ni mfumo mzuri. Lakini faili yake inakaribia GB 3, na hiyo ni bando ya maana kwa mtu wa kawaida. Akishasakinisha, printa inaweza kutaka dereva. Kamusi ya Kiswahili ya kukagua tahajia haipo. Na akichagua Kiingereza cha Marekani, kama wengi wanavyofanya, karatasi inajipanga kwa saizi ya Letter ilhali rimu zote dukani ni A4. Mwenye saiba anachapisha barua ya kwanza, ukingo unakatika, anasema Linux ni mbaya, anarudi kwa Windows yake ya wizi. Mchezo umeisha kwa sababu ya sentimita mbili za karatasi.

Mambo hayo yote unaweza kuyatatua mara moja, kwenye mashine moja, na nchi jirani na yako ikafaidi. Hiyo ndiyo maana ya kuunda diski.

Na si uchawi. Mimi sikumaliza chuo, karo ilinishinda mwaka wa pili, na hii niliijifunza usiku kwenye saiba nilipokuwa nikilinda mashine. Njia rahisi ni hii: chukua MX Linux, isakinishe kwenye kompyuta moja, ipange unavyotaka, kisha fungua programu yake ya Snapshot. Inaubana mfumo wako wote kuwa faili moja ya ISO inayoweza kuwaka kwa flashi na pia kusakinishwa. Utaulizwa kama hiyo ni akiba yako binafsi au ni ya kugawia watu. Chagua ya kugawia watu, la sivyo utagawa na akaunti yako pamoja na nywila zako zote. Hata baada ya hapo kagua tena: historia ya kivinjari, nywila za WiFi, folda ya vilivyopakuliwa.

Njia ya pili ni ndefu kidogo lakini ndiyo niliyohamia. Debian ina kifaa kinachoitwa live-build. Wewe unaandika orodha ya programu unazotaka na mipangilio yako, nayo inakupikia ISO kuanzia sufuria tupu. Hakuna uchafu wa mtu ndani kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuutumia mfumo huo. Na orodha hiyo ni maandishi tu. Naweza kukutumia, ukaongeza yako, ukapika tena.

Ndani yangu nimeweka nini? LibreOffice yenye A4, saa za Nairobi, lugha ya Kiswahili cha Kenya, madereva ya printa za kawaida. Nimeweka Kiwix, ambayo humwezesha mtu kusoma Wikipedia bila intaneti, na Wikipedia ya Kiswahili inaenea vizuri kwenye flashi. Shule inaweza kuongeza Kolibri, yenye masomo na mazoezi ya kutumia pasipo mtandao.

Kuhusu sheria usiogope. Leseni za programu hizi huria zinakuruhusu kunakili, kubadilisha na kugawa. Hata kutoza pesa ya flashi na jasho lako unaruhusiwa. Unachopaswa kuheshimu ni majina. Ukibadilisha Ubuntu na kuigawa, huwezi kuendelea kuiita Ubuntu bila idhini. Yangu naiita Kirimaara, jina letu la Mlima Kenya. Marafiki wa Embu wamenuna, wanasema si bora ingekuwa Kirinyaga. Nimewaambia wapike yao.

Kizigeu ni nini?

Sehemu iliyonichukua muda mrefu zaidi haikuwa ya kitaalamu. Ilikuwa maneno ya ule mlango.

Debian, tangu mwaka 2019, huweka kwenye diski zake hai kisakinishi kinachoitwa Calamares. Uzuri wake ni kwamba mipangilio yake iko wazi. Unaweza kuagiza kwamba kwenye ukurasa wa diski kusiwe na chaguo lililowekewa alama mapema. Mtu hawezi kuendelea hadi achague mwenyewe. Mstari mmoja tu wa mipangilio, na ungeiokoa ile ripoti ya Nkubu.

Kisha nikaandika onyo kwa Kiswahili. Nikampelekea binamu yangu alisome, maana nilimwia deni. Nilikuwa nimeandika kwa lugha sanifu kabisa: "Vizigeu vyote vitafutwa." Akaniangalia. "Kizigeu ni nini?" Nikamweleza ni sehemu ya diski. Akasema, "Sasa mimi ningejuaje kwamba picha za harusi ni kizigeu?"

Alikuwa na haki. Sasa pameandikwa hivi: "Ukibonyeza hapa, kila kitu kilichomo kwenye kompyuta hii kitafutika. Picha, noti, kazi, vyote. Havirudi. Je, umeshavitoa nakala?" Na kwenye skrini ya kuonjea, ikoni ya kutoa nakala imetangulia ile ya kusakinisha. Kwa sababu kumbuka, diski hai pia ni gari la wagonjwa. Windows ikikataa kuwaka, flashi hiyo hiyo mara nyingi inaweza kufungua diski yako ngumu, mradi haijafungwa kwa BitLocker, ukanakili vitu vyako kabla hujafanya lolote. Wangapi wamefomatiwa mashine zao na kupoteza kila kitu kumbe mafaili yalikuwa mazima?

Hiyo ndiyo hoja yangu. Mzungu wa Ujerumani au Marekani anaweza kutengeneza mfumo mzuri kuliko wangu mara mia. Lakini hatajua kwamba binamu yangu hajui kizigeu ni nini. Wewe unajua. Na Waswahili wenzetu walishathibitisha kwamba inawezekana: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Zaidi ya miaka 20 iliyopita! Sisi tunangoja nini?

Tusidanganyane

Sitakwambia Linux inafanya kila kitu. Mtahiniwa wa KCSE anayefanya mradi wa somo la kompyuta kwa Microsoft Access hawezi kuuhamishia LibreOffice na kutarajia kila kitu kikae sawa. Faili ya Word yenye majedwali mengi inaweza kufika imepinda. Printa nyingine ni wakaidi hata ukiziombea. Ndiyo maana kwenye diski yangu chaguo ninalopendekeza ni kuweka mfumo kando ya Windows, zikae nyumba moja, uchague kila unapowasha. Asiyetaka hata hilo, aendelee kutumia flashi tu.

Tatizo kubwa zaidi ni jingine: diski huchacha. Mfumo niliopika Januari, kufikia Agosti unahitaji masasisho mengi, na anayesakinisha huo wa zamani anarudi palepale pa kuteketeza bando. Mtu mmoja hawezi kupika milele. Mimi nina kazi ya saiba na kodi ya nyumba.

Kwa hivyo ombi langu ni hili. Ninyi mnaosoma mambo ya kompyuta pale Nchiru, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, na ninyi wa Chuo Kikuu cha Embu, kila muhula mnatafuta mradi wa kufanya. Tumeona za kutosha zile za mfumo wa kusimamia maktaba ambao hakuna maktaba itakayoutumia. Pikeni diski. Kundi moja kila muhula, lichukue orodha ya waliotangulia, lisasishe, lijaribu kwenye mashine kumi kuukuu za saiba zilizo karibu, lirekebishe maneno yaliyomkwaza mtu. Mhadhiri atoe alama kulingana na watu wangapi waliielewa, si kurasa ngapi za ripoti.

Usambazaji nao tayari upo. Barabara ya Meru hadi Embu inapita Nkubu, Chogoria, Chuka na Runyenjes, na kila siku matatu hubeba vifurushi vya watu. Flashi iliyotumwa na matatu asubuhi kutoka Meru itafika Embu kabla mtandao wangu haujamaliza kupakua GB 3. Kila mwenye saiba njiani anainakili, anaipitisha mbele.

Na wewe mwenye saiba, kabla ya mteja kukuletea laptopu iliyokufa, jifunze kumwambia maneno matatu: "Tutoe nakala kwanza." Kisha mwonjeshe. Akikataa, mpe mashine yake, hujamharibia kitu.

Kuhusu binamu yangu: programu ya kuokoa mafaili ilirudisha sehemu ya picha za harusi. Ripoti haikurudi hata ukurasa mmoja. Aliiandika upya kwa siku 11, usiku, kwenye laptopu ile ile, juu ya Linux ile ile niliyomwekea kwa makosa. Aliwasilisha, akapita. Hadi leo nikichomeka flashi yoyote mbele yake, husimama nyuma yangu akisoma kila ukurasa kwa sauti kabla hajaniruhusu kubofya.